Heshko: Mtu wa Ukraine aliyewatangulia Wakenya ukumbini

Vijana ninaowafundisha mita 1500 nikiwatajia Heshko hutazamana tu. El Guerrouj wa Morocco wanamjua, Lagat mzaliwa wa Kenya wanamjua. Huyu wa Ukraine, hapana. Basi huwauliza: nani alimnyima Mkenya Daniel Kipchirchir Komen dhahabu kule Moscow, Machi 2006?

Ni Ivan Heshko, mzaliwa wa Chernivtsi, 1979. Zilikuwa Riadha za Dunia za Ukumbini, yaani ndani ya jengo: Heshko 3:42.08, Komen 3:42.55, Mkenya mwenzake Elkanah Angwenyi 3:42.98. Ukitazama saa peke yake utashangaa. Komen alikuwa ameshashuka chini ya 3:30 mwaka uliotangulia, na Heshko hakuwahi kufika huko. Muda wake bora ulibaki 3:30.33, wa Brussels, Septemba 2004.

Mbio za ubingwa hazina mdhibiti kasi, yule anayekodiwa kuwaongoza wenzake kwa mwendo mkali. Hakuna anayetaka kuwavuta wenzake bure, kwa hiyo kundi hujikokota, kila mmoja akimvizia jirani, hadi mtu afyatuke. Ukumbini mambo huwa mabaya zaidi. Mzunguko ni mita 200, kwa hiyo mita 1500 ni mizunguko saba na nusu, kona 15. Ukipiga kona ukiwa mita moja nje ya mwenzako, umejiongezea mita tatu na ushei. Zidisha kwa 15 uone. Ukisema ubaki ndani kuokoa hatua, unaweza kufungiwa: mmoja mbele, mmoja ubavuni, na sehemu iliyonyooka ni fupi mno, hujavuta pumzi kona nyingine imefika. Anayengoja mita 100 za mwisho ndipo atafute njia amechelewa.

Nadhani Heshko alilipia ada ya somo hilo Budapest, 2004, kwenye mashindano yaleyale ya ukumbini. Paul Korir alishinda kwa 3:52.31, yeye akaja na 3:52.34, Laban Rotich wa tatu. Ndiyo, 3:52, fainali ya dunia ya wanaume! Hata mwanamke, Faith Kipyegon, ameshakimbia kasi kuliko hiyo. Lakini siku hiyo hakuna aliyekuwa akishindana na saa. Sekunde 0.03 kwa mwendo wa kumalizia ni kama shibiri moja. Kukosa dhahabu ya dunia kwa shibiri!

Nje ya ukumbi alikuwa mzuri, ila si mfalme. Shaba ya dunia Paris 2003, kwa 3:33.17, nyuma ya El Guerrouj na Mfaransa Mehdi Baala. Olimpiki ya Athens 2004 alimaliza wa tano, Timothy Kiptanui akiwa hatua chache mbele yake, na siku kumi baadaye ndipo akautoa ule muda wa Brussels. Dhahabu ya Ulaya ya ukumbini aliichukua Madrid 2005. Kiangazi cha 2006, Göteborg, akapata medali ya fedha ya Ulaya ya nje ya ukumbi, na aliyemtangulia ni Baala yuleyule.

Sisi hatuna ukumbi, tuna uwanja wa vumbi wa mita 400. Kila Jumanne nawapanga vijana wanane, yule mwenye kasi kuliko wote namfungia ndani makusudi, nafasi ya tano, halafu napiga filimbi zikibaki mita 300. Wiki iliyopita alitoka kwa kurudi nyuma hatua mbili kwanza, akazunguka wote. Akamaliza wa pili, kwa shibiri.