Jamani, misl si kabila

Nimekuta tena mtu kaandika kwamba Jassa Singh Ramgarhia alikuwa "chifu wa kabila la Ramgarhia" huko Punjab, na hii inarudiwa sana hata na watu wanaoipenda historia kwelikweli, sasa ngoja niseme. Misl ilikuwa kundi la wapiganaji Makalasinga karne ya 18, lina sardar wake, yaani kiongozi, na maeneo linayoyatoza ushuru, kwa kawaida zinahesabiwa 12. Basi.

Shida ni hilo neno kabila. Kabila unazaliwa nalo, misl ulikuwa unajiunga, na ukimchoka sardar unapanda farasi wako unaenda kwa mwingine. We angalia majina tu, Nishanwalia ni washika bendera, Ahluwalia na Sukerchakia yametoka kwenye vijiji, Bhangi inasemekana ni kwa sababu kiongozi wao mmoja alipenda bangi. Ramgarhia ni jina la ngome. Ilikuwa Amritsar, mwanzo boma la udongo linaitwa Ram Rauni, na lilipozingirwa mwaka 1748 Jassa Singh alikuwa nje, yuko na jeshi la Adina Beg, mtawala wa Jalandhar chini ya dola ya Mughal, yaani upande wa wanaozingira! Akavuka akaingia ndani kwa Makalasinga wenzake. Baadaye boma likajengwa upya likaitwa Ramgarh, yeye ndo akawa Ramgarhia, kabla ya hapo alikuwa anaitwa Thoka, seremala, maana kwao ni mafundi mbao. Na hilo kundi hakulianzisha yeye, alilikuta na viongozi wengine.

Halafu msimchanganye na Jassa Singh Ahluwalia, huyo ni mwingine kabisa, ndo aliyeongoza Dal Khalsa, muungano wa hizo misl, na hawa wawili waligombana mpaka Ramgarhia akafukuzwa Punjab miaka ya 1770 akahamia upande wa Hisar, kwenye Haryana ya leo.

Naelewa kwa nini huku kwetu watu wanachanganya. Mafundi wa Kipunjabi, maseremala na wahunzi, walikuja kulichukua jina lake likawa la jamii yao, na wengi wa mafundi Makalasinga waliokuja kujenga reli kutoka Mombasa kuanzia 1896 walikuwa wa jamii hiyo, kwa hiyo sisi jina tumelipokea likiwa tayari la jamii. Ukiandika kuhusu hao wa reli, jamii ya Ramgarhia ni sawa kabisa. Ila ukiandika kuhusu Jassa Singh mwenyewe, aliyefariki 1803, andika tu sardar wa misl ya Ramgarhia.