"Sambamba" si kukaa bega kwa bega

Nimemsikia tena mtu akimshauri mwenzake mwenye baiskeli ya umeme: "Betri zote mbili ni 48, zipige sambamba tu." Kosa moja limo kwenye "sambamba", jingine limo kwenye "48", yaani volti 48.

Kuunganisha sambamba ni kufunga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Volti hazipandi, kinachoongezeka ni ujazo, yaani kiasi cha umeme kinachohifadhiwa, kwa hiyo betri mbili za saa-ampea 10 zinakuwa 20 na safari inarefuka. Basi.

Sasa neno lenyewe. Shuleni tulichora mistari sambamba, ile isiyokutana hata ukiirefusha mpaka kesho kutwa. Na watu wakienda sambamba, wanakwenda bega kwa bega, kila mmoja kwa miguu yake. Ndiyo maana wengi huona betri sambamba kama majirani wasioingiliana. Kwenye umeme ni kinyume kabisa: betri hizo zimekutana ncha zote mbili. Kilicho sambamba ni njia za umeme, wala haijalishi makasha yamekaa wapi, hata moja liwe chini ya kiti na jingine kwenye keria. Fikiria matangi mawili ya maji yaliyoungwa kwa bomba chini. Moja likiwa limejaa na jingine nusu, ukifungua koki maji hayasubiri.

Na hiyo 48 ni jina la betri, si hali yake. Betri ya lithiamu-ayoni yenye seli 13 mfululizo, yaani chanya ya moja imefungwa kwa hasi ya inayofuata, husoma volti 54.6 ikijaa, na karibu 39 ikiisha. Tuseme moja ina 54 na nyingine 44. Ukinzani, yaani kipingamizi cha umeme, wa betri zote na nyaya ukiwa omu 0.2, ampea 50 zitaikimbilia ile iliyopungua, ambayo chaja yake huilisha ampea 2 au 3 tu. Tena zinaingilia mlango wa kutokea umeme, si ule wa chaja, ambako baadhi ya saketi za ulinzi hazizuii betri kujazwa kupita kiasi.

Seli ziwe za aina moja na idadi moja. Kila betri ijazwe kwa chaja yake, ipumzike, iwe na fyuzi yake, kisha mita ionyeshe tofauti isiyozidi volti 0.1. Hapo ndugu yangu, badala ya "zote ni 48", mwambie mwenzako: "zote zinasoma 54.4 sasa hivi, unganisha."