Kichaka cha Miiba cha Sungura: Kipi ni cha Wote, Kipi Kina Mwenyewe

Malalamiko ya hakimiliki tunayopokea kuhusu katuni na vitabu vya watoto vinavyotokana na ngano za Sungura yameongezeka, na mengi yanahusu kisa kimoja: Sungura aliyenaswa kwenye sanamu ya lami anamsihi Mbweha amchome au amchune, ila asimtupe kwenye kichaka cha miiba. Mbweha anamtupa humo humo, kumbe ndiko alikozaliwa.

Kichaka hicho hakina mmiliki. Mbinu ya kumwomba adui asikutendee kile hasa unachokitaka imepewa namba 1310A katika orodha ya kimataifa ya aina za ngano, na ina ndugu yake Zanzibar, ambako Kobe aliyekamatwa na Simba kwenye asali anamwelekeza amsugue matopeni hadi gamba litoke, kisha anachomoka na kumwacha Simba akisugua jiwe hadi nyayo zinachubuka. Anayedai kwamba amemsajili Sungura, na kwamba wengine wasimguse, anadai kitu ambacho hakuna ofisi inayoweza kumpa, na tungeshukuru madai hayo yasiletwe tena.

Kinachomilikiwa ni usimulizi wenyewe, yaani maneno, michoro na muziki. Joel Chandler Harris, aliyezisikia ngano hizi ujanani kutoka kwa watumwa wa shamba la Turnwold, Georgia, alianza kuzichapisha kitabuni mwaka 1880 na kufariki mwaka 1908. Sheria ya Tanzania hulinda kazi ya mwandishi katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo maandishi yake yako huru. (Waliomsimulia hawakupata haki yoyote, na hilo hakimiliki haijawahi kulitibu.)

Filamu ya Disney ya mwaka 1946 iliyotokana na ngano hizi, Song of the South, ni suala jingine. Nchini Marekani inalindwa hadi mwisho wa mwaka 2041, na anayepakia video mtandaoni anaifikisha huko pia. Kwamba kampuni imeacha kuisambaza, au kwamba mwaka 2023 ilifunga nchini Marekani michezo yake ya Splash Mountain, ambamo mashua zilitumbukia kwenye kichaka hicho, haimaanishi kwamba imeachia haki zake. Jambo hili tumelieleza mara nyingi mno.

Anayetaka kutohoa, yaani kugeuza kuwa kazi mpya, kazi ambayo bado inalindwa anapaswa kupata ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye haki, inayotaja kazi, sehemu itakayotumika, lugha, njia ya usambazaji, nchi, muda na malipo, na iliyotiwa saini na pande zote mbili kabla kazi haijaanza; ahadi ya simu haitoshi. Mtohozi naye hupata haki juu ya kile alichoongeza tu: akimhamishia Sungura wake kwenye migunga ya Dodoma, michoro hiyo ni yake, lakini hila ya Sungura inabaki kuwa ya wote. Anayemrekodi bibi akisimulia apate kwanza ridhaa yake, kwa kuwa msimulizi ana haki katika onyesho lake. Anayekiuka anaweza kukabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili, kulipa fidia, na nakala zake kukamatwa.

Usajili hauzalishi haki, husaidia kuithibitisha. Kwa sababu hiyo, rasimu na michoro ya awali ihifadhiwe ikiwa na tarehe, kwani mlalamikaji anayefika na kiungo cha video peke yake huombwa arudi na rasimu hizo.