Anza na hiyohiyo laptopu ya GB 4

"Kaka, nitafute kwanza laptopu yenye prosesa kali ya core i7 ndipo nianze kuprogramu." Kauli hii naisikia Nyegezi, naisikia Igoma, hapa Mwanza, na juzi nimeandikiwa tena na kijana mwenye laptopu nzima ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4. Hapana, mdogo wangu. Anza leo.

Vitu vinavyodai mashine nzito vipo. Android Studio inataka RAM ya GB 8 kwenda juu, lakini hiyo ni ya kutengeneza programu za Android, kwa sasa haikuhusu. Python, lugha ya kuprogramu ninayoanza nayo, inakubali hata mtumba wenye Windows 7; utaishia toleo la 3.8 tu, nalo linatosha kabisa kwa masharti, vitanzi (kurudiarudia hatua) na orodha.

Linaloniudhi linakuja baadaye. Mtu keshapata mashine, anaambiwa apakue VS Code, programu ya kuandikia msimbo, na ekstensheni (nyongeza zake) lundo kwa sababu ndivyo mafundi wanavyofanya. VS Code naipenda, ndiyo ya kazi yangu. Ila mgeni haoni ni Python ipi inaendesha faili lake, wala kutoka folda ipi. Anabonyeza kitufe cha kuendesha, inaitika Python moja. Anaandika pip, amri ya kupakua maktaba za Python, kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), inaitika nyingine. Anapakua pandas, maktaba ya kuchambua data, anaambiwa tayari, akirudi kwenye faili anakutana na ModuleNotFoundError, yaani Python hiyo haiioni pandas. Anapakua upya, kosa lilelile. Bando linakata, na jioni anaamini hana kichwa cha kompyuta. Kichwa anacho! Ana Python mbili kwenye mashine moja, na hakuna aliyemwambia.

Ndiyo maana wanaoanza nawapa Thonny, programu ya kuandikia Python, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia. Inakuja na Python yake ndani, na ukishaipakua unajifunza bila intaneti. Zoezi langu la mwanzo ni mauzo ya dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba: orodha ya bei, kitanzi, jumla. Fungua dirisha la vigeu (majina yanayobeba thamani), endesha hatua kwa hatua, uione jumla ikipanda kila bei inapopita. Nimeeleza vitanzi ubaoni mpaka chaki ikaisha. Hakuna maelezo yaliyofikia kile mwanafunzi anachokiona pale.

Anayetaka kutengeneza tovuti atatosheka na Notepad++, kihariri chepesi cha maandishi, na kivinjari. Abonyeze F12, asome konsoli, mahali kivinjari kinapoandika makosa.

Kwenye simu nasitasita. Pydroid 3, programu ya kuandikia Python kwenye Android, inafanya kazi kweli, lakini Python inajali nafasi za mwanzo wa mstari, na kuzipanga kwa kidole gumba kunachosha. Hata hivyo siwezi kumwambia asiye na laptopu akae asubiri. Akili unde inayokumalizia mstari naizuia wiki za mwanzo, ingawa kuna siku najiuliza kama siwacheleweshi bure wanafunzi wepesi.

Ukikwama, nitumie ujumbe wote wa kosa. Mstari wa chini kabisa usiukate, maana ndio unaotaja kosa lenyewe.