Koti moja, suruali mbili: kufungasha nguo za wiki ya kazi Dodoma

Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wateja wangu wengi wa Dar es Salaam wamekuwa watu wa kuja na kurudi: Jumatatu mtu yuko Mji wa Serikali Mtumba, Ijumaa anawahi treni arudi kwake. Mwezi uliopita mmoja wao aliingia kibandani kwangu, jirani na Soko la Majengo, akiburuta sanduku la kutosha kuhamia. Alikuwa amekuja kwa siku nne. Ndani mlikuwa na suti tatu, mashati saba, jozi tatu za viatu na pasi yake mwenyewe, na alichotaka kwangu ni kupunguziwa kiuno cha suruali moja. Nilimpunguzia, kisha nikamwomba ruhusa tuupange upya ule mzigo, kwa sababu mimi ni fundi wa nguo za kiume na sipendi kuona kazi ya fundi mwenzangu ikilaliwa na pasi.

Wengi hudhani kwamba wepesi wa begi hutokana na namna ya kukunja. Kukunja nitakueleza, lakini uzito huamuliwa mapema zaidi, siku unapochagua kitambaa na rangi. Sanduku la yule bwana lilijaa kwa kuwa kila suti ilidai viatu vyake, mkanda wake na shati lake. Mwenye koti moja la bluu iliyokoza, lisilo na mistari wala mng'ao, pamoja na suruali ya kijivu na kadeti ya rangi ya mchanga, akiwa na mashati matatu anaweza kuvaa kwa namna sita tofauti kabla hata hajalivua koti, na viatu vya kahawia vikakubali zote. Nyeusi siipendekezi kwa mji huu. Vumbi letu ni jekundu, na katika miezi ya kiangazi upepo hulipeperusha mpaka ofisini. Kwenye kitambaa cheusi utaliona hata ukiwa upande wa pili wa barabara.

Kwa koti la safari ninashona sufu nyepesi, ya gramu 250 hadi 280 kwa mita. Mteja akisikia sufu hufikiria baridi na blanketi, lakini uzi wa sufu una mawimbi ya asili yanayoufanya ujirudi baada ya kukandamizwa, hivyo koti likitundikwa usiku mmoja bafuni, baada ya mtu kuoga maji ya moto, makunyanzi mengi huachia yenyewe. Kitani ni kizuri, ila kitakunjamana kabla treni haijafika Morogoro. Poliesta tupu haikunjamani, lakini hainywi jasho na inaogopa moto, jambo nililojifunza kwa hasara. Niliwahi kwenda Singida kumpima bwana harusi nikiwa na suruali moja tu, ya poliesta. Nyumba ya wageni niliyofikia walinipa pasi isiyopunguzwa joto, na nilipoigusisha kwenye paja, kitambaa kiling'aa ghafla kana kwamba kimepakwa mafuta. Mng'ao huo hauondoki, kwa kuwa nyuzi zenyewe zimeshalainika na kulala. Nilimpima bwana harusi huku nimeziba paja kwa daftari. Siku hizi natanguliza leso yenye unyevu kati ya pasi na nguo, hata kama pasi ni ya kwangu.

Sasa mashati. Mtu wa pwani hufungasha saba kwa sababu amezoea hewa ya kwao, ambako shati lililofuliwa usiku huamka bado lina ubichi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ni nchi ya ukame, na mvua zake hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Nje ya miezi hiyo hewa ni kavu kiasi kwamba shati la pamba hukauka usiku mmoja. Lifue, lilaze juu ya taulo kavu, vizungushe pamoja kama mkeka na uvikamue kwa nguvu, kisha litundike kwenye henga karibu na dirisha, vifungo vikiwa vimefungwa na kola imenyooshwa kwa vidole. Kwa utaratibu huo matatu yanatosha: moja mwilini, moja kambani, moja la akiba. Wakati wa mvua ongeza la nne, au chagua pamba iliyochanganywa na poliesta, ambayo hushika maji machache zaidi.

Koti livae safarini, pamoja na viatu vizito kuliko vyote. Likilazimika kuingia kwenye begi, ingiza mikono yako ndani ya mabega yake, ligeuze bega moja nje ndani, kisha sukuma bega la pili litulie ndani ya lile la kwanza, ili bitana iwe nje na kitambaa kijifiche. Likunje mara mbili kwa ulalo ukiwa umeweka fulana katikati ya kunjo, kwa kuwa kunjo lenye kitu ndani haliweki alama kali.

Kwa mtu asiyependa tai, suti ya Kaunda ndiyo rahisi zaidi kufungasha, maana ni shati na koti kwa wakati mmoja. Spika wa Bunge la Taifa la Kenya alipoipiga marufuku bungeni mwake Novemba 2023, wateja wangu walicheka sana, kisha wawili wakaagiza. Watu wengine huisahau sweta. Juni na Julai usiku wa hapa ni wa baridi ya kweli, na sweta nyembamba inayoingia chini ya koti itakufaa kuliko jaketi nene la kubeba mkononi.

Yule bwana aliondoka na begi moja la mgongoni. Sanduku aliliacha kwangu mpaka safari nyingine; liko chini ya meza ya kukatia, na pasi yake, kwa idhini yake, ninaitumia.