Mbele ya meini swichi sio stoo

Kuna siku nilikuwa Moshi kwenye ukaguzi, duka la mitumba, mama mwenye duka akaniambia mwanangu umeme wangu hauna shida yoyote, shida ni jirani anauza dagaa, harufu inaingia mpaka humu ndani. Nikanusa. Dagaa kweli zilikuwepo nje, ila ile harufu ilikuwa inatoka nyuma ya marobota, na ukikaa kwenye hii kazi unaijua, plastiki za swichi na breka zikianza kuungua taratibu zinanuka kama samaki. Nikamuuliza, mama, meini swichi iko wapi? Akanionyesha ukuta wa marobota. "Huko nyuma."

Tukaanza kuhamisha, mimi na kijana wake, robota moja kilo 45, tochi ya simu nimeibana kwa meno, ilituchukua kama dakika saba mpaka mkono wangu ukafika. Nikazima. Robota la mwisho lile lililokuwa limegusa boksi, nailoni yake ilishajikunja na kuwa ya kahawia. Fundi alipokuja kufungua akakuta skrubu moja imelegea, basi. Waya ukilegea umeme unapita kwa shida, pale kwenye kiungo panapata joto, joto linazidi kulegeza, na hakuna breka inayokata kwa sababu matumizi yenyewe ni ya kawaida tu, pasi moja na taa. Breka inaona mzigo ukizidi au shoti, kiungo kilicholegea haikioni.

Sasa piga hesabu hizo dakika saba zingekuwa na moto, au mtu ameshikwa na umeme anatetemeka pale chini na wewe unahamisha marobota.

Watu wengi wanadhani ile nafasi mbele ya boksi iko wazi bure, wanaionea huruma, kodi inalipwa alafu kipande kimekaa tupu. Hakiko tupu. Ni nafasi ya mwili wa mtu. Fundi akipima umeme ukiwa hai, volti 230 kwa fezi moja au 400 kwa fezi tatu, anahitaji kusimama sawasawa, viwiko vitanuke, na kikitokea cheche aweze kurudi nyuma bila kujikwaa kwenye ndoo ya rangi. Mafundi wengi nimewakuta wanafanya kazi ubavu ubavu, tumbo limebanwa na makatoni, bega limegusa bati, yani umeme ukimpata mkononi tayari una njia ya kutokea. Alafu tunasema fundi hakuwa makini.

Nafasi kiasi gani? Kanuni za Marekani (nao wana OSHA yao ya usalama mahali pa kazi, jina kama la wakala wetu wa Tanzania lakini ni chombo kingine kabisa) zinataka futi 3 kwenda mbele, karibu sentimita 91, na kwa mazingira mengine zaidi ya hapo, upana sentimita 76 au upana wa boksi lenyewe kama ni pana zaidi, na mlango ufunguke nyuzi 90 kamili. Na zinasema wazi hiyo nafasi isitumike kuhifadhia vitu. Kwa lugha ya dukani ni hatua moja kubwa ya mtu mzima, na hata ukutani juu ya boksi usitundike makoti.

Jaribio ninalolipenda: jioni mkishafunga, zima taa zote, mwambie kijana wako atoke kaunta aende akaguse swichi bila tochi. Akijikwaa hata mara moja umeshapata jibu. Gereji za Unga Limited kule Arusha ningependa wafanye hili kabla ya yote, maana pale chini ya boksi huwa ndo panawekwa thina na dumu la petroli la jenereta, na cheche moja ya swichi inatosha. Maduka ya vyakula shida yao ni panya, makatoni yakikaa pale miezi wanazaliana na wanatafuna waya.

Rangi ya njano chini ni nzuri lakini peke yake ni urembo, mzigo unapakiwa juu yake vilevile, "naweka mara moja tu". Kinachosaidia ni mzigo kupata kwao. Yule mama tulimtafutia, tukaweka chaga la kupangia marobota upande wa pili, breka zikaandikwa majina, na namba ya zimamoto, 114, ikabandikwa kaunta. Na kufungua kava la boksi aache kabisa, hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya nishati na maji.

Miezi miwili baadaye nikapita tena. Marobota hakuna, pamefagiliwa vizuri. Ila kuna stuli, na juu ya stuli jaba la maji.

"Mama, na hii?"

"Hiyo si mzigo mwanangu, hiyo ni maji ya kunawa tu."