Chumbani Peke Yako, Bado Unasema "Baba Yetu"

Dhana: Imani ni jambo langu na Mungu wangu, wengine hawahusiki.

Msomaji wa Kiswahili hana pa kujificha hapa, maana viambishi vyetu vinaanika kila kitu. Katika 1 Wakorintho 3:16 Paulo hasemi "umekuwa hekalu". Anasema "ninyi mmekuwa hekalu la Mungu": watu wengi, hekalu moja. Sala ya Bwana ni vivyo hivyo. Mathayo 6:6 inamtuma mtu mmoja aingie chumba cha ndani na kufunga mlango wake. Mistari mitatu baadaye anafundishwa la kusema, na neno lenyewe ni "Baba yetu". Riziki yetu, makosa yetu. Mlango umefungwa, ila ndugu zake ameingia nao.

Dhana: Wawili watatu wakikusanyika Yesu yupo, kwa hiyo idadi si neno.

Mstari huu hutolewa ibada ikikosa watu, na sina ugomvi na anayejifariji nao. Lakini rudi nyuma mistari mitano, Mathayo 18:15. Ndugu yako amekukosea: mwendee mkiwa wawili tu. Asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili, ili neno lithibitike kwa vinywa vya mashahidi, kama sheria ya Kumbukumbu la Torati 19:15 inavyodai. Akikaidi bado, liambie kanisa. Hao ndio wawili watatu wenyewe: watu waliokaa kusuluhisha ugomvi, pengine kwa shingo upande. Ni ahadi nzito kuliko tunavyoitumia.

Dhana: Kanisa ni jengo.

Hili halihitaji maneno mengi. Neno la Kiyunani *ekklesia* lilimaanisha kusanyiko la watu, na Paulo analisalimu kanisa lililo nyumbani mwa Priska na Akila (Warumi 16:5). Huko Dura-Europos, Syria, wachimbuzi walikuta nyumba ya kuishi iliyogeuzwa mahali pa ibada katika karne ya 3.

Dhana: Kanisa la kwanza halikuwa na manung'uniko.

Tunapenda kuishia Matendo 4:32, penye moyo mmoja na roho moja. Ukifungua sura ya 5 unakutana na Anania na Safira wakidanganya kuhusu fedha za shamba. Sura ya 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, yaani wasemao Kiyunani, wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, na watu wao wananung'unika. Mitume hawakuwaambia wanyamaze kwa ajili ya umoja. Walichaguliwa wanaume saba wa kusimamia jambo hilo, na majina yote saba, kuanzia Stefano hadi Nikolao, ni ya Kiyunani. Sidhani ni bahati tu.

Dhana: Kushiriki Meza ya Bwana "isivyostahili" ni habari ya dhambi zangu za siri.

Kujihoji kumeagizwa, 1 Wakorintho 11:28, wala silipuuzi. Ila wengi huanzia hapo na kuruka mistari ya juu, ambako kosa lenyewe limetajwa. Waliokutana Korintho walikuwa wakila mlo kamili, na kila mmoja alitangulia kutwaa chakula chake. "Huyu ana njaa, na huyu amelewa," Paulo anaandika. Piga picha chumba kile: mmoja amekwisha kushiba, uso unang'aa kwa divai, mwingine hana kitu, anatazama vyombo vitupu huku akiitwa ndugu. Paulo anauliza kama wanalidharau kanisa la Mungu na kuwatahayarisha wasio na kitu. Kwa hiyo anaposema mtu asipoupambanua mwili anajilia hukumu, naona vigumu kumtoa yule mwenye njaa katika maana ya neno "mwili"; sura inayofuata inaeleza kwamba mwili ni wao, viungo vingi.

Na agizo analowaachia mwishoni si kila mtu abaki nyumbani mpaka ajione safi. Anawaambia wakikutana kula, wangojane. Mwenye njaa isiyoweza kusubiri, ale kwanza kwake.